Maji ya Mapaa Kumi na Moja

Mpelelezi wa baraza la mji alipiga goti kwenye sakafu ya karakana ya ushonaji, akasimamisha rula ukutani. Alama ya maji ilikuwa sentimita arobaini na mbili kutoka chini. Aliandika kwenye daftari. Kisha akapitisha kidole sakafuni, pembeni kabisa mwa ukuta, akakitazama.

"Unatafuta nini, dada?" Mwenyekiti wa washonaji alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni. "Maji yameshaondoka tangu Jumanne. Yametuachia sare mia moja na ishirini za watoto wa shule, zote chapachapa."

"Natafuta tope. Mmefagia?"

"Hatukugusa kitu. Mlituambia tusiguse. Sare tumezianika, basi."

Mpelelezi alimwonyesha kidole. Kilikuwa na vumbi jepesi tu, kama la juu ya kabati.

"Sasa hiyo ndiyo nini?"

"Bado sijui," alisema mpelelezi, akainuka taratibu akishikilia meza. Mshonaji mmoja kijana alikuwa tayari amemsogezea kiti bila kuambiwa.

"Mimi najua," alisema Mwenyekiti. "Mzee Sepetu hasafishi mfereji. Analipwa kusafisha, hasafishi. Nimemwona Jumamosi kwa macho yangu mawili, na toroli limejaa mchanga wa baraza, anakata kona. Anauza."

"Ulimwona akiuza?"

"Nilimwona akikata kona. Mtu hasukumi toroli la mchanga kwa ajili ya kupunga upepo."

Mpelelezi aliandika: *Jumamosi. Toroli. Kona.* Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu kasoro asubuhi. Ijumaa hiyo, saa tisa alasiri, Mkurugenzi wa baraza angetia sahihi barua ya kumfukuza kazi Mzee Sepetu, msimamizi wa mfereji wa nyuma. Barua ilikuwa imeshachapwa. Mzee alikuwa na miaka thelathini na mmoja kazini na miezi minane tu kabla ya kustaafu. Akifukuzwa, kiinua mgongo chake kinapotea chote. Mpelelezi alikuwa ameomba siku moja, akapewa nusu.

*

Alimkuta Mzee Sepetu palepale mferejini, nyuma ya karakana, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkononi alikuwa na fimbo yenye msumari, anachomoa mifuko ya plastiki.

"Mzee, si umesimamishwa kazi?"

"Nimesimamishwa kazi, sijasimamishwa kuona." Alichomoa mfuko mwingine, akautia kwenye gunia. "Karibu. Sina kiti cha kukupa, labda nikupishe ndoo."

"Kaa tu, mzee wangu. Nina maswali matatu."

"Uliza."

"Kwa ratiba, mfereji huu unasafishwa mara mbili kwa mwaka. Mara ya mwisho ni miezi minne iliyopita. Ni kweli?"

"Kwa ratiba, ndiyo."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi ni siku yangu. Sijaiandika popote, wala sidai."

"Mchanga unaupeleka wapi?"

"Muulize anayeupokea. Mimi nikisema, utaandika kwamba najitetea." Alielekeza kidevu kwenye kona. "Ukitokea uchochoro wa mbele, nyumba yenye makopo ya miche."

Mpelelezi alichukua chuma chake kirefu cha kupimia, akakizamisha mferejini sehemu ya kwanza. Kiligonga saruji, *ngo*. Akasogea hatua kumi. *Ngo*. Mara sita alizamisha, mara sita kikagonga saruji. Hapakuwa na mchanga wa kujaza hata kikombe. Kwenye kona ya chini, mfereji ulipoingia kwenye bomba la saruji la kupita chini ya barabara, alichungulia. Bomba lilikuwa wazi, mwanga wa upande wa pili ulionekana mviringo kama sahani.

"Bomba hili ni moja tu?"

"Moja. La nyumba saba na karakana. Ndivyo lilivyopimwa."

"Jumanne maji yalikuja kwa namna gani?"

Mzee Sepetu alifikiri. "Kwa haraka. Na meupe, mwanangu. Mimi nimezeeka na maji ya mfereji, nayajua yanakuwa ya rangi ya chai. Ya Jumanne ungeweza kunawia uso."

*

Chumba cha rejista ya majengo kilikuwa ghorofa ya kwanza ya ofisi za baraza. Karani wake alikuwa binti mwenye sauti ndogo na mhuri mkubwa. Mpelelezi alipoingia, karani alikuwa akimsomea bibi mmoja hati yake neno kwa neno, na foleni ilisubiri bila kunung'unika. Zamu yake ilipofika, mpelelezi aliomba vitu viwili: kipimo cha mvua na kitabu cha tozo ya mifereji.

Kipimo kilikuwa rahisi. Jumanne ilinyesha milimita thelathini na nane, nyingi kuliko siku yoyote ya miaka miwili hii. Miaka mitatu nyuma, mwezi huohuo, ilinyesha hamsini na moja kwa siku moja, na hakuna aliyelalamika.

"Mfereji safi, mvua ndogo kuliko ile, na karakana imefurika," alisema mpelelezi. "Nieleze tozo hii inavyopangwa, mwanangu. Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

Karani alifungua kitabu. "Kila kiwanja kinapimwa. Tunaangalia paa ni kubwa kiasi gani, ua umesakafiwa kiasi gani, kwa sababu palipo na bati na saruji maji hayanywewi na ardhi, yanatiririka. Kadiri unavyotiririsha ndivyo unavyolipa. Halafu tunaandika herufi. M, maji yanakwenda mfereji wa mbele. N, yanakwenda mfereji wa nyuma."

"Na fedha?"

"Fedha za M zinatunza mfereji wa mbele. Za N zinatunza wa nyuma. Hazichanganywi. Mfereji wenye mapaa mengi unasafishwa mara nyingi, na unapewa mabomba zaidi."

"Mfereji wa mbele una mapaa mangapi?"

"Ule wa uchochoro? Kumi na moja, upande mmoja. Upande wa pili ni ukuta wa ghala, lina njia yake. Unasafishwa kila mwezi. Na mwaka huu umetengewa mabomba mawili makubwa, yameshanunuliwa, yako pale uani." Karani alitabasamu. "Ule ni mfereji wa mfano. Msimamizi wake alipewa cheti. Miezi ishirini, hakuna lalamiko hata moja."

"Anatoa mchanga kiasi gani kwa mwezi?"

Karani alifunua kurasa. Kila mwezi palikuwa na neno moja: *Safi. Safi. Safi.* Akafunua tena, sasa bila kutabasamu. "Hakuandika kiasi."

"Nani anaandika hizo herufi?"

"Mthamini. Anapita barabarani kila baada ya miaka mitano, anaangalia gata la kukinga maji ya paa liko upande gani. Mwenye nyumba akigeuza maji yake katikati, lazima aje mwenyewe kusema. Akija mwenyewe, tunabadilisha herufi tu. Asipokuja, akagunduliwa kwa ripoti, faini yake ni tozo ya miaka miwili."

Mpelelezi alifunga daftari. "Na mthamini haingii ndani?"

"Aingie kufanya nini? Gata linaonekana barabarani."

*

Uchochoro wa mbele ulikuwa wa udongo, lakini mgumu na mkavu kama sakafu, ingawa ilinyesha siku tatu zilizopita. Mpelelezi alitembea pembeni mwa mfereji wake. Ndani yake majani yalikuwa yameota mpaka kimo cha kifundo, na kwenye mdomo wa bomba buibui alikuwa amefunga utando mzima, haujachanika popote. Aliutazama kwa muda, akapiga picha.

Nyumba ya tano ilikuwa na makopo ya miche kuanzia mlangoni mpaka barabarani. Katikati ya makopo alikaa mwanamke wa miaka kama sabini na tano kwenye kiti cha magurudumu, shuka imefunika goti moja na mahali ambapo mguu wa pili haukuwepo. Uchochoro mzima ulimwita Mkunga, kwa kuwa ndiye aliyewazalisha mama zao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unataka mche au unataka habari?"

"Habari ya mchanga."

Mkunga alicheka. "Sepetu kashitakiwa? Nilijua. Ananiletea kila Jumamosi, wa kupandia. Hela hataki. Chai anakunywa kasimama, anasema akikaa suruali yake itanichafulia. Ananiambia, shida yangu wewe uutumie, nikiuacha kingoni mvua itaurudisha." Alimwonyesha pipa lililojaa nusu. "Kwani mtu akisafisha kupita kiasi ni kosa siku hizi?"

"Siyo kosa, mama. Ni ushahidi." Mpelelezi alipima pipa, akaandika. "Na uchochoro huu, mbona mzuri hivi?"

"Ah, hapo niwashukuru nyinyi wa baraza! Zamani maji ya mapaa yalikuwa yakimwagika hapa yote. Magurudumu yanazama, kiti hakitoki, nami sitoki. Siku moja nilikaa kwenye tope tangu asubuhi mpaka adhuhuri, naona haya kuita mtu. Sasa mwaka wa pili huu, pakavu. Nilitaka kuwaandikia barua ya asante, nikaogopa mwandiko wangu."

Kwenye mafaili ya baraza, uchochoro huo haukuwa umewekwa hata ndoo ya kokoto kwa miaka sita. Mpelelezi aliinua macho. Gata lilikuwa mahali pake, ukingo wa mbele wa paa. Lakini bomba la kushushia maji halikuwepo. Ukutani palibaki vishikizo viwili vyenye kutu, na alama ndefu nyeupe kati yake.

"Bomba lako liko wapi, mama?"

"Fundi Bati alilitoa. Alisema limeoza."

Mpelelezi alirudi nyuma hatua tano, akaangalia nyumba ya nne. Vishikizo viwili, alama nyeupe. Ya sita, vilevile. Kati ya nyumba na nyumba palikuwa na upenyo wa kupita mtu mmoja kwa ubavu, na kila upenyo umefungwa kwa mlango wa bati. Milango yote ilikuwa ya bati la aina moja.

*

Fundi Bati aliitwa kutoka nyumba ya mwisho, akaja na ngazi begani, nyundo mkononi na misumari mdomoni. Alikuwa mtu mnene wa miaka arobaini, mcheshi. Alipomwona mpelelezi amesimama chini ya gata la Mkunga, aliitema misumari mmoja mmoja.

"Fundi, maji ya gata hili yanashukia wapi?"

"Chini."

"Chini wapi?"

"Chini ni chini, mama. Tangu nizaliwe sijaona maji yanapanda."

"Basi tutayafuata." Mpelelezi alimtuma mtu dukani akaleta paketi ya bluu ya kufulia. Aliikoroga kwenye ndoo mpaka maji yakawa kama wino. Kisha akampigia simu Mwenyekiti wa washonaji, akamwomba asimame kwenye dirisha la nyuma la karakana na asiondoe jicho mferejini. Aliyemshitaki mzee ndiye aliyefaa kuwa shahidi.

Fundi alimvuta pembeni, akanong'ona. "Pima nyumba yangu. Pima ya tatu, ya nane, yoyote. Hii iache, nakuomba."

"Kwa nini hii niiache?"

"Nitakuambia, lakini si hapa."

"Nawasikia," alisema Mkunga kutoka kwenye makopo yake. "Mguu ndio uliokatwa, masikio ninayo yote mawili. Nyumba ni yangu. Panda ngazi, mwanangu, umwage."

Fundi Bati alimtazama mpelelezi, akatazama chini, kisha akapanda yeye mwenyewe. Alimwaga ndoo polepole. Walisubiri. Kwenye uchochoro wa mbele halikuanguka tone. Simu ya mpelelezi ililia, na sauti ya Mwenyekiti ikasikika bila hata kuhitaji simu.

"Bluu! Inatoka bluu tupu! Inatoka wapi hii?"

Mkunga alikuwa ameacha kazi. Alitazama juu kwenye gata, akatazama uchochoro mkavu, akatazama mlango wa bati wa upenyo wake.

"Umeyapeleka nyuma," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi peke yangu?"

Fundi alishuka ngazi mpaka chini kabisa ndipo akajibu. "Nilianza na kwangu, baada ya ile siku ya tope. Nikasema, paa moja likipungua, ni nafuu kidogo. Jirani akaniona, akasema nimpigie na yeye. Halafu mwingine. Hakuna aliyeitisha kikao, mama. Kila mtu alinunua bomba lake."

"Nyumba ngapi?"

"Zote. Kumi na moja."

"Na mkaniambia ni baraza."

"Hatukukuambia kitu. Ulisema wewe, nasi tukanyamaza." Alikuna kichwa kwa nyundo. "Mikono yako ndiyo ya kwanza kunishika duniani. Ungekubali kama tungekuambia?"

"Nisingekubali," alisema Mkunga. Alichukua kopo moja, akaligeuza, akalirudisha palepale. Kwa kitambo hakuna aliyemwangalia usoni, wakampa nafasi hiyo.

Mwenyekiti wa washonaji alifika akihema, upindo wa gauni una madoa ya bluu. "Kwa hiyo ni nyinyi! Mapaa kumi na moja juu ya mgongo wangu! Sare zangu mia moja na—" Alimwona Mkunga, akasita. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulizaliwa unapiga kelele hivyohivyo, saa kumi alfajiri, mtaa mzima ukaamka." Mkunga alimpa mkono. "Hawakujua kama yatakufikia wewe, binti yangu. Na mimi sikujua. Sare zimeharibika?"

Mwenyekiti alipumua. "Hapana. Maji yalikuwa safi. Zinahitaji kufuliwa upya na kupigwa pasi, zote."

"Sitini niletee hapa. Mikono haiumwi."

"Na sitini zilizobaki zije kwangu," alisema Fundi Bati. "Mke wangu atafua. Mimi nitapiga pasi."

"Wewe upige pasi? Ninazitaka zikiwa nguo, baba, si bati."

*

Mpelelezi aliandika akiwa amesimama, daftari juu ya ukuta mfupi, na aliposoma alisoma kwa sauti ili wote wasikie.

"Mzee Sepetu amesafisha mfereji mara nyingi kuliko ratiba. Pipa la mchanga na vipimo sita vinathibitisha. Maji ya Jumanne yalikuwa ya mapaa, ndiyo maana hayakuacha tope. Mfereji wa nyuma umepimwa kwa nyumba saba na karakana, unabeba nyumba kumi na nane. Mfereji wa mbele unalipiwa usafi kila mwezi, nao haujapata maji kwa muda mrefu." Alifunga kalamu. "Ripoti hii ikifika kwa Mkurugenzi, kila nyumba iliyogeuza maji bila kusema inapigwa faini. Miaka miwili."

Majirani wawili waliokuwa wamechungulia mlangoni walitazamana.

"Nitaikabidhi saa tisa kamili," aliendelea mpelelezi. "Sasa ni saa saba na nusu. Anayekwenda mwenyewe kwa karani kabla ya ripoti hana faini. Anabadilishiwa herufi tu, M inakuwa N. Mimi natembea polepole, magoti yangu si mazuri."

Hakuna aliyeuliza mara mbili. Fundi alipita akigonga milango kwa nyundo. Mkunga alijifunga shuka vizuri, akasema, "Nani ananisukuma? Nataka kuwa wa kwanza," na Mwenyekiti wa washonaji ndiye aliyeshika kiti.

Karani wa rejista alikosa chakula cha mchana siku hiyo. Aligonga mhuri wake mkubwa mara kumi na moja. Mwenye nyumba ya tisa alikuwa kazini mbali, akapigiwa simu, akaomba ruhusa kwa bosi wake, akaja kwa mbio na viatu vya kiwandani. Alifika saa tisa kasoro dakika sita. Mpelelezi alikuwa bado kwenye ngazi za ofisi, anapumzika katika kila kidato.

*

Mkurugenzi alisoma ripoti mara mbili. Barua ya kumfukuza mzee ilikuwa mbele yake, kalamu juu yake.

"Kwa hiyo mwizi ni nani?"

"Hakuna mwizi, Mkurugenzi. Maji yalihama, fedha hazikuhama."

"Na hawa wa uchochoro? Kuna faini hapa."

Mpelelezi aliweka mezani nakala kumi na moja za fomu alizopewa na karani, bado zina harufu ya wino wa mhuri. Mkurugenzi aliangalia saa kwenye kila fomu, moja baada ya nyingine. Alipofika ya mwisho alimtazama mpelelezi kwa juu ya miwani.

"Umechukua muda mrefu sana kupanda ngazi leo."

"Uzee, Mkurugenzi."

"Hm." Aliipasua barua vipande vinne, akavitia kwenye droo, kwa kuwa kapu lilikuwa limejaa. "Mfereji wa nyuma una mapaa kumi na nane na karakana sasa. Usafishwe kila mwezi. Yale mabomba mawili yaliyoko uani yaende nyuma. Na huyo msimamizi wa cheti umlete Jumatatu, nina swali moja la kumuuliza."

Nje, kwenye benchi la ukumbini, Mzee Sepetu alikuwa ameketi na mkewe. Mama huyo alikuwa amemletea shati safi, na mzee alikuwa amelifunga vifungo mpaka shingoni. Walisimama wote wawili mlango ulipofunguliwa.

"Mzee wangu," alisema mpelelezi, "rudi kazini."

Mkewe alikaa tena benchini, ghafla, kama mtu aliyetua mzigo wa kichwani. Mzee hakukaa. Alikwenda dirishani akatazama mbingu, upande wa mlimani, ambako wingu lilikuwa limeanza kukusanyika zito na jeusi.

"Kuanzia lini?"

"Kuanzia sasa hivi."

"Basi naomba ufunguo wa stoo. Mabomba hayatawekwa leo, lakini mifuko ya mchanga naweza kuipanga pale konani kabla haijanyesha, maji yasifike kwa washonaji." Alikuwa tayari anafungua vifungo vya shati, anampa mkewe alikunje.

"Na chakula?" mkewe aliuliza. "Hujala tangu jana."

"Niletee hukohuko," alisema Mzee Sepetu, akashuka ngazi mbilimbili.